Ndugu Waliobaki Bila Wazazi: Hatima ya Watoto wa Kiyahudi Waliosafirishwa kwa Nguvu Kutoka Ufaransa, 1942–1944

IKISIRI

Makala haya yanachunguza hatima ya ndugu wadogo wa Kiyahudi waliosafirishwa kwa nguvu kutoka Ufaransa kwenda Auschwitz wakati wa Maangamizi Makuu ya Wayahudi, yanayojulikana pia kwa jina la Holokosti. Msukumo wa uchunguzi ni dai la serikali ya Vichy kwamba watoto waliambatanishwa na wazazi wao kwa nia ya kibinadamu, ili familia zisitenganishwe. Dai hilo linapimwa kwa kulinganisha tarehe za misafara ya treni, maagizo ya watawala na ushahidi wa watu waliokuwamo kambini. Makala yanaonesha kuwa kwa maelfu ya watoto waliokamatwa Paris mwezi Julai 1942, wazazi waliondolewa kwanza na watoto wakafuata baadaye, wakiwa wamebaki na ndugu zao tu. Hoja kuu ni kwamba undugu ulikuwa uhusiano wa mwisho wa kifamilia uliosalia kwa watoto hao, na kwamba mtafiti anayesoma orodha za misafara kwa kuhesabu mtu mmoja mmoja hukosa kuuona.

1.0 Utangulizi

Zaidi ya Wayahudi 75,000 walisafirishwa kutoka Ufaransa kati ya mwaka 1942 na 1944. Zaidi ya 11,000 kati yao walikuwa watoto. Idadi hizi zimethibitishwa na utafiti wa muda mrefu, hasa kazi ya mwanasheria na mwanahistoria Serge Klarsfeld, aliyechapisha mwaka 1978 kitabu cha kumbukumbu chenye majina ya waliosafirishwa, msafara kwa msafara. Tangu hapo, swali la ni wangapi waliopelekwa limepata jibu linalokubalika na wataalamu walio wengi. Swali la walipelekwa wakiwa na nani halijapewa uzito huohuo.

Swali hili la pili lina umuhimu wa pekee kwa watoto. Mtu mzima anaweza kuchunguzwa akiwa peke yake: kazi yake, uraia wake, maamuzi yake. Mtoto wa miaka minne hana historia iliyo nje ya watu wanaomlea. Anapoondolewa mama na baba, historia yake inahamia mikononi mwa yule aliyebaki karibu naye, na mara nyingi aliyebaki alikuwa dada au kaka mwenye umri wa miaka tisa, kumi au kumi na miwili.

Katika Kiswahili, neno ndugu lina uwanja mpana. Hutumika kwa watu wa tumbo moja, wa ukoo mmoja, wa imani moja na hata wa chama kimoja. Katika makala haya neno hilo limetumika kwa maana finyu ya watoto wa mama mmoja, wa baba mmoja, au wa wazazi walewale wawili. Hata hivyo, upana wa neno lenyewe una manufaa katika uchambuzi, kwa kuwa kambini mipaka ya undugu haikubaki ilipokuwa. Watoto wasiokuwa na ndugu wa damu walishikamana na wenzao, na wakubwa walibeba wadogo ambao hawakuwa wa tumbo lao.

2.0 Muktadha: Sheria, Kadi na Uraia

Ufaransa ilishindwa na Ujerumani mwezi Juni 1940. Eneo la kaskazini, pamoja na Paris, likawa chini ya jeshi la Ujerumani. Kusini kukabaki utawala wa Marshal Pétain wenye makao yake katika mji wa Vichy. Tarehe 3 Oktoba 1940 serikali ya Vichy ilitunga sheria iliyowatenga Wayahudi na kazi nyingi za umma, na siku iliyofuata ikatunga nyingine iliyowaruhusu wakuu wa majimbo kuwaweka kambini Wayahudi wa kigeni. Katika kipindi hicho hicho, Wayahudi wa eneo lililokaliwa walitakiwa kujiandikisha. Kwa Paris na viunga vyake, polisi waliyageuza maandikisho hayo kuwa kadi zilizopangwa kwa majina, anwani, kazi na uraia.

Wengi wa walioandikishwa walikuwa wahamiaji kutoka Polandi na nchi jirani zake, waliofika Ufaransa katika miaka ya 1920 na 1930. Wengine hawakuwa tena na uraia wa nchi yoyote. Watoto wao waliozaliwa Ufaransa, kwa upande mwingine, mara nyingi walikuwa raia wa Ufaransa, kwani sheria ya uraia ya mwaka 1927 iliwawezesha wazazi kuwatangazia watoto wao uraia huo. Hivyo ndani ya chumba kimoja cha familia ya fundi cherehani au ya fundi wa ngozi kulipatikana hali tofauti za kisheria: wazazi wageni, mtoto wa kwanza aliyezaliwa Polandi akiwa mgeni kama wao, na wadogo zake wakiwa Wafaransa. Tofauti hiyo haikuwalinda wadogo. Walikamatwa kwa kigezo cha wazazi wao, kisha wakasafirishwa wakati wazazi hawapo tena.

Kamatakamata ya kwanza kubwa ilifanyika tarehe 14 Mei 1941. Wanaume wa kigeni wapatao 3,700 waliitwa kwa barua ya polisi, wakakamatwa na kupelekwa katika kambi mbili za jimbo la Loiret, Pithiviers na Beaune-la-Rolande. Wengi wao walikuwa na wake na watoto waliobaki Paris. Kuanzia tarehe 7 Juni 1942, kila Myahudi wa eneo lililokaliwa mwenye umri wa miaka sita na kuendelea alilazimishwa kuvaa nyota ya njano. Katika familia moja, basi, dada wa miaka saba alitoka na nyota kifuani na mdogo wake wa miaka mitano akatoka bila nyota.

3.0 Dai la Kutozitenganisha Familia

Katika majadiliano ya mwanzoni mwa Julai 1942, Wajerumani walidai Wayahudi wenye umri wa kufanya kazi. Upande wa Ufaransa uliwakilishwa na mkuu wa polisi René Bousquet na, juu yake, mkuu wa serikali Pierre Laval. Tarehe 6 Julai, Theodor Dannecker, mwakilishi wa Adolf Eichmann mjini Paris, aliiarifu Berlin kwamba Laval amependekeza watoto walio chini ya miaka 16 wachukuliwe pia pale familia zitakapoondolewa katika eneo lisilokaliwa, na kwamba suala la watoto wa eneo lililokaliwa halimhusu. Siku nne baadaye, katika kikao cha baraza la mawaziri, Laval aliwaeleza wenzake kwamba amepata kibali cha watoto kufuatana na wazazi wao, akilitaja jambo hilo kuwa la kibinadamu.

Taarifa hizi mbili zikiwekwa sambamba, tatizo linajitokeza. Kwa Wajerumani, Laval alikuwa mtu anayetoa watoto ambao hawajaombwa. Kwa mawaziri, alikuwa mtu anayewahurumia watoto wasiachwe peke yao. Wapo waliolichukua neno la pili kama utetezi: kwamba serikali haikujua watoto wanapelekwa wapi, na kwa kutojua huko ilidhani kuwa bora mtoto awe na mama yake popote atakapokuwa. Utetezi huo unaweza kupimwa bila kuingia moyoni mwa Laval. Kinachotakiwa ni kuangalia kama watoto kweli walisafiri na wazazi wao.

4.0 Kutoka Uwanjani Hadi Loiret: Mfuatano wa Tarehe

Alfajiri ya tarehe 16 Julai 1942, polisi wa Kifaransa walianza kugonga milango ya Paris wakiwa na kadi mkononi. Kufikia jioni ya tarehe 17, na kwa kujumlisha waliokamatwa muda mfupi baadaye, idadi ilifikia 13,152. Kati yao wanaume walikuwa 3,118, wanawake 5,919 na watoto 4,115. Uwiano huo unaeleza jambo. Wanaume wengi walikuwa wamekwisha kukamatwa mwaka uliotangulia au walijificha, kwa kuwa uvumi ulienea kwamba wanaume ndio watakaotafutwa. Akina mama na watoto walibaki nyumbani wakiamini kuwa wako salama.

Watu wazima wasio na watoto walipelekwa Drancy, majengo ya makazi ambayo hayakukamilika kaskazini-mashariki ya Paris, yaliyogeuzwa kambi tangu Agosti 1941. Familia zilipelekwa Vélodrome d'Hiver, uwanja wa ndani wa mbio za baiskeli. Watu takribani 8,000, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto, walikaa humo kwa siku kadhaa katika joto kali, vyoo vikiwa vichache na maji na chakula vikiwa haba. Kati ya tarehe 19 na 22 Julai walihamishiwa Pithiviers na Beaune-la-Rolande.

Hapa ndipo mfuatano wa tarehe unapoanza kulijibu dai la Laval. Tarehe 17 Julai, siku ambayo watoto walikuwa wamefungiwa uwanjani, msafara wa sita wa treni uliondoka Pithiviers kwenda Auschwitz ukiwa na wanaume waliokuwamo kambini humo. Kambi ilikuwa ikiwekewa nafasi. Misafara miwili mingine ilikuwa imekwisha kuondoka Loiret mwishoni mwa Juni. Kwa hiyo baadhi ya watoto walifika katika mabanda ambamo baba zao walilala wiki chache kabla, wakati baba wenyewe wamekwisha kupelekwa. Kama nia ingekuwa kuiweka familia pamoja, hapo palikuwa mahali pa kuiunganisha.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuwaondoa akina mama. Kibali cha Berlin cha kuwasafirisha watoto kilikuwa hakijatekelezwa, ilhali ratiba ya treni ilikuwa tayari. Misafara iliondoka Pithiviers tarehe 31 Julai, 3 Agosti na 7 Agosti, na Beaune-la-Rolande tarehe 5 Agosti. Ilibeba watu wazima pamoja na vijana wakubwa. Watoto wadogo walizuiwa. Ushahidi wa walionusurika unakubaliana kuhusu namna utenganisho ulivyofanyika: akina mama waliokataa kuachia watoto walipigwa kwa vitako vya bunduki na askari wa Kifaransa. Baadhi yao walikuwa wameshona majina ya watoto kwenye nguo zao, kazi ambayo mama huifanya pale tu anapojua kuwa hatakuwapo kuyataja.

Utenganisho huo uliwapasua pia ndugu. Kijana aliyehesabiwa kuwa mkubwa wa kutosha aliondoka na mama yake. Wadogo zake walibaki. Katika orodha za misafara mama na kijana huonekana katika msafara wa mwanzoni mwa Agosti, na watoto wenye jina lilelile la ukoo katika msafara wa majuma mawili au matatu baadaye. Treni ileile iliyomnyang'anya mtoto mama ndiyo iliyomnyang'anya na kaka yake mkubwa.

Takribani watoto 3,000 walibaki katika kambi mbili za Loiret, wakiangaliwa na wanawake wachache walioachwa na wahudumu wa misaada. Surua na dondakoo vilienea, na wengine walifia hapohapo. Dai kwamba watoto walifuatana na wazazi wao halikuwa kweli tena, nalo halikuwa kweli kwa kitendo cha utawala, si kwa ajali.

5.0 Drancy: Ndugu Kama Familia ya Mwisho

Kuanzia katikati ya Agosti 1942 watoto walihamishwa kwa makundi kutoka Loiret hadi Drancy. Shahidi muhimu wa kipindi hicho ni Georges Wellers, mtaalamu wa biokemia aliyekuwa mfungwa Drancy na ambaye mwaka 1961 alitoa ushahidi Yerusalemu katika kesi ya Eichmann. Alieleza kwamba watoto walishushwa kwenye mabasi wakiwa wachafu na wagonjwa, wakubwa wakiwa wamewashika wadogo mikono, wakasambazwa vyumbani zaidi ya mia moja kwa chumba, wakalala juu ya magodoro machafu ya nyasi kavu. Wengi waliharisha na hawakuweza kushuka ngazi peke yao.

Jambo zito zaidi katika ushahidi wake linahusu majina. Wadogo wa miaka miwili, mitatu au minne hawakujua kutaja jina lao la ukoo. Waandikaji waliwauliza dada na kaka zao, na pale pasipokuwa na ndugu waliwauliza watoto wengine kama wanamfahamu. Jina lililopatikana kwa njia hiyo liliandikwa kwa kukadiria, wakati mwingine likifuatiwa na alama ya kuuliza. Vilitengenezwa vibao vidogo vya mbao vyenye majina na kufungwa shingoni. Baada ya muda mfupi wavulana walikutwa na vibao vya wasichana: watoto walikuwa wamevifanya vitu vya kuchezea na kubadilishana.

Ushahidi huu unaonesha kazi ya undugu kwa namna ambayo hati za utawala hazikukusudia. Hati ya kuzaliwa haikuwapo, mama hakuwapo, kibao hakikuaminika. Aliyebaki na ufahamu wa mtoto huyu ni nani alikuwa ndugu yake. Wahenga walisema mkubwa ni jaa, kwa maana kwamba mkubwa hupokea kila kinachotupwa. Methali hiyo kwa kawaida humsema mtu mzima mwenye dhamana. Drancy ilimwangukia mtoto wa miaka kumi: ndiye aliyekuwa msajili, mlezi, mlishaji na mfariji, na hakuwa na wa kumfariji yeye.

Tarehe 13 Agosti maagizo ya Berlin yalielekeza kuwa watoto wasafirishwe hatua kwa hatua wakichanganywa na watu wazima, wala wasipelekwe kwa treni za watoto peke yao. Watu wazima hao walikuwa wengine kabisa, wakiwamo Wayahudi wa kigeni waliotolewa kambi za eneo lisilokaliwa na kukabidhiwa kwa Wajerumani. Msafara wa tarehe 17 Agosti ndio uliotangulia, na wengine ukafuata hadi tarehe 31 Agosti, kila mmoja ukiwa na takribani watu 1,000. Kwa mtazamaji aliyesimama pembeni ya reli, behewa lenye wanawake na watoto lingeonekana kuwa na familia. Familia hizo zilikuwa za kuigiza. Ndani yake uhusiano wa damu uliokuwapo kwa watoto wa Loiret ulikuwa wa ndugu kwa ndugu.

Si kila mtu alinyamaza. Tarehe 23 Agosti 1942 ilisomwa makanisani barua ya Askofu Mkuu Jules Saliège wa Toulouse, ikilaani watu kutendewa kama mifugo na watu wa familia moja kutenganishwa. Ni muhimu kutambua kwamba aliyewatazama wakiondolewa kusini aliona utenganisho huohuo ambao serikali ilidai kuukwepa.

6.0 Auschwitz na Mpaka wa Umri

Safari kutoka Drancy hadi Auschwitz ilichukua takribani siku tatu katika mabehewa ya mizigo yaliyofungwa. Katika majira hayo ya mwaka 1942, mauaji ya gesi ya sumu huko Birkenau yalifanyika katika nyumba mbili za wakulima zilizobadilishwa kwa kazi hiyo. Watoto waliofika hawakuandikishwa kambini. Waliuawa baada ya kuwasili. Kati ya watoto wadogo waliokamatwa Paris tarehe 16 na 17 Julai na kusafirishwa, hakuna aliyerejea.

Kilichoamua uhai pale kituoni hakikuwa uhusiano bali umri na mwonekano wa nguvu. Mfano ulio wazi ni msafara wa 71, ulioondoka Drancy tarehe 13 Aprili 1944. Humo walikuwamo watoto 34 waliokamatwa katika makao ya Izieu. Makao hayo yalianzishwa katika jimbo la Ain mwaka 1943 na Sabine na Miron Zlatin, wakati eneo hilo lilikuwa bado chini ya Waitalia. Tarehe 6 Aprili 1944, kwa amri ya Klaus Barbie wa Gestapo ya Lyon, watoto 44 na watu wazima saba walichukuliwa. Miongoni mwa watoto hao yalikuwamo makundi kadhaa ya ndugu, ambao baadhi ya wazazi wao walikuwa wamekwisha kusafirishwa. Watoto 42 waliuawa Auschwitz. Vijana wawili waliosalia, pamoja na Miron Zlatin, walipigwa risasi nchini Estonia. Kati ya waliokamatwa siku hiyo, aliyerudi ni mlezi Léa Feldblum peke yake.

Katika msafara huohuo wa 71 alikuwamo Simone Jacob, mwenye umri wa miaka 16, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Simone Veil na kuwa Rais wa Bunge la Ulaya. Alikuwa na mama yake na dada yake Madeleine. Alipofika, mfungwa mmoja alimnong'oneza aseme ana miaka 18. Alisema hivyo, na wote watatu wakaandikishwa kufanya kazi. Mama alifariki Bergen-Belsen mwezi Machi 1945. Dada wawili walinusurika, na Simone Veil alieleza maishani mwake jinsi kuwa pamoja kulivyowasaidia. Treni moja, basi, ilibeba aina mbili za ndugu. Waliovuka mpaka wa umri, au walioweza kudai wameuvuka, undugu wao uliweza kuwa nguzo ya uhai. Walio chini ya mpaka huo, undugu wao haukuweza chochote.

Undugu mmoja tu ulitambuliwa kwa makusudi na kambi. Kuanzia kuwasili kwa daktari Josef Mengele mwaka 1943, mapacha walitafutwa kati ya waliowasili na kuwekwa kando kwa ajili ya majaribio. Baadhi walinusurika kwa sababu hiyo, hali dada na kaka zao wasio mapacha wakipelekwa kufa. Kambini undugu uliheshimiwa pale tu ulipokuwa na manufaa ya maabara.

7.0 Ndugu Walionusurika

Walionusurika katika kamatakamata ya Julai 1942 walikuwa, kwa kiasi kikubwa, wale ambao hawakufika kwenye treni. Annette Muller, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1991, alikuwa na miaka tisa. Mama yake aliwahimiza wavulana wawili wakubwa watoroke. Annette na mdogo wake Michel wakachukuliwa pamoja na mama hadi Beaune-la-Rolande. Mama alisafirishwa na hakurudi. Ndugu hao wawili walipelekwa Drancy, wakatolewa humo kwa jitihada za baba yao aliyekuwa amejificha, kisha wakafichwa katika kituo cha watawa wa Kikatoliki. Joseph Weismann, mwenye miaka 11, alitoroka Beaune-la-Rolande akiwa na mwenzake kwa kupenya uzio wa seng'enge. Wazazi wake na dada zake wawili hawakurudi.

Visa hivi vina funzo la kimbinu. Pale ndugu waliponusurika, mara nyingi kulitangulia uamuzi wa kuwatawanya. Mwishoni mwa Agosti 1942, katika kambi ya Vénissieux karibu na Lyon, wahudumu wa mashirika ya misaada waliwaomba wazazi watie saini hati za kuwakabidhi watoto wao, na watoto 108 wakaondolewa usiku na kufichwa. Kwa nje, kitendo hicho kinafanana na cha Loiret wiki tatu kabla: watoto wanabaki, wazazi wanaondoka. Tofauti iko katika kusudi. Vénissieux mzazi aliombwa na mtoto akafichwa. Loiret mama alipigwa na mtoto akawekwa akiba kwa treni ijayo. Mtafiti anayepima matukio kwa kigezo cha kutenganishwa au kutotenganishwa pekee hawezi kuiona tofauti hiyo. Kulinda uhai na kulinda umoja wa familia vilikuwa vitu viwili, na waokoaji walilijua hilo kabla ya wanahistoria.

8.0 Orodha, Majina na Kumbukumbu

Chanzo kikuu cha historia hii ni orodha za misafara zilizopigwa chapa Drancy, ambazo nakala zake zilihifadhiwa Paris. Orodha hizo ziliandikwa na utawala kwa ajili ya kuhesabu. Hazina safu ya uhusiano. Mtoto ana jina, tarehe na mahali alipozaliwa, wala haandikwi kuwa ni mdogo wa nani. Undugu unapaswa kusomwa kwa kulinganisha majina ya ukoo, anwani na mahali pa kuzaliwa. Hapo ndipo mtafiti anaona watoto watatu au wanne wa jina moja wakifuatana, wa kwanza amezaliwa Polandi na wa mwisho Paris, bila mtu mzima wa jina hilo katika msafara huo.

Kitabu cha kumbukumbu ya watoto alichokitoa Klarsfeld mwaka 1994 kiliendeleza kazi hiyo kwa kukusanya picha na anwani. Picha nyingi ni za ndugu waliopangwa kwa urefu mbele ya mpiga picha wa mtaani. Katika kesi ya Barbie mjini Lyon mwaka 1987, iliyomalizika kwa hukumu ya kifungo cha maisha, miongoni mwa mashahidi alikuwamo mama aliyenusurika Auschwitz na kurudi bila wanawe watatu waliochukuliwa Izieu. Mahakama ilihitaji kuthibitisha amri na saini. Ushahidi wa mama uliongeza kile ambacho saini haiwezi kuonesha, yaani kwamba watatu hao walikuwa wa nyumba moja.

Tarehe 16 Julai 1995 Rais Jacques Chirac alikiri hadharani wajibu wa taifa la Ufaransa katika kamatakamata ya mwaka 1942. Kukiri huko kuliliondoa dai la nia ya kibinadamu katika kauli rasmi za nchi. Kwa mtafiti, dai hilo lilikuwa limekwisha kuanguka kwa ratiba za treni zenyewe.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamepima dai kwamba watoto wa Kiyahudi walisafirishwa kutoka Ufaransa ili wasitenganishwe na wazazi wao. Kwa watoto wa Julai 1942, tarehe zinalikanusha. Baba wengi walipelekwa kabla watoto hawajafika Loiret, akina mama waliondolewa kati ya tarehe 31 Julai na 7 Agosti, na watoto wadogo wakaanza kusafirishwa tarehe 17 Agosti pamoja na watu wazima wasiowafahamu. Katika muda uliobaki kati ya kuondoka kwa mama na kuondoka kwa mtoto, familia iliyokuwapo ilikuwa ya ndugu.

Matokeo haya yana mapendekezo mawili kwa watafiti. Kwanza, kundi la ndugu lichukuliwe kuwa kizio cha uchambuzi kinachojitegemea, kati ya mtu mmoja na familia nzima, kwa kuwa ndilo lililobeba malezi, utambulisho na majina katika hatua ya mwisho. Pili, maneno ya utawala kuhusu familia yasomwe sambamba na ratiba zake, maana neno hutangazwa na ratiba hutekelezwa.

Tangu mwaka 2005, majina ya waliosafirishwa kutoka Ufaransa yamechongwa kwenye ukuta mjini Paris, yakipangwa kwa mwaka wa kusafirishwa na kwa alfabeti. Mpangilio wa alfabeti ni wa kawaida sana, na ndio uleule uliotumika katika kadi za polisi. Ukutani umefanya kazi tofauti. Baba wa msafara wa Julai, mama wa mwanzoni mwa Agosti na watoto wa mwishoni mwa Agosti 1942, waliotenganishwa katika treni tatu, wanasomeka mmoja chini ya mwingine kwa jina moja la ukoo.